Diski Iliyong'olewa Ikiwa Nzima

Waliopoteza mchoro wa mpaka wa shamba la Mama Nafula wa Kamukuywa ni wawili. Wa kwanza ni Naibu Mkurugenzi wa ofisi yetu ya michoro ya mashamba pale Kitale, aliyeamuru kazi ifanywe kabla haijaeleweka. Wa pili ni Afisa wa Mali wa ofisi hiyohiyo, aliyefuta alama zilizopaswa kubaki na kubandika karatasi mahali pasipostahili. Fundi Wanyonyi, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa katika taarifa rasmi, hakuhusika ila kwa vidole vyake. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu vijana wengi husoma ukurasa wa kwanza na kuondoka, nami sipendi muondoke na jina lisilo sahihi.

Nilikuwa msimamizi wa kumbukumbu na mitambo katika ofisi hiyo, kwanza Bungoma, kisha Kitale, mpaka nilipostaafu. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kutunza seva. Yapo mambo katika kisa hiki ambayo sikuyaelewa siku ile na siyaelewi hadi leo. Nitayataja yalivyo. Msitarajie niyanyooshe.

Seva yetu ilikuwa na diski nne. Linux, mfumo unaoendesha mashine, ilizifunga pamoja zikawa kama diski moja kubwa, mpango ambao mafundi huuita RAID. Kila faili hukatwa vipande vikasambazwa katika diski zote, pamoja na hesabu ya ziada inayowezesha kipande kilichopotea kutengenezwa upya. Diski moja ikifa, tatu zinazobaki huendelea na kazi kana kwamba hakuna msiba. Ya pili ikitoka kabla ya kwanza haijabadilishwa, kila kitu husimama. Kosa moja unasamehewa. La pili husamehewi.

Ndani ya seva hiyo ndimo ilimokuwa michoro ya mipaka ya mashamba ambayo karatasi zake zilirowa na kuoza paa la ofisi ya zamani ya Bungoma lilipovuja. Tuliwahi kuipiga picha kabla haijageuka uji. Mmoja wa michoro hiyo ulikuwa wa Mama Nafula: shamba, chemchemi iliyo upande wa chini, mti wa msambia uliowekwa kuwa kona, na alama za vidole gumba vya wazee walioshuhudia wakati shamba linagawanywa. Jirani yake alikuwa ameanza kulima akivuka mpaka, na kesi ilikuwa imepangwa kusikilizwa. Mchoro huo ulikuwa ndio ushahidi wake wote.

Aliyenifundisha kazi ya diski ni Bi. Salma, mhandisi, mkazi wa mjini Bungoma karibu na msikiti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, ila juu ya jambo moja tu, nalo ni majina. Linux huziita diski sda, sdb, sdc na sdd. Mimi, kwa miaka ya mwanzo, niliamini hayo ni majina kama ya ubatizo.

"Kaka," aliniambia siku moja, "umekuja kunieleza sdc ina hitilafu. Umeniletea habari za nani?"

"Za diski ya tatu, Bi. Salma."

"Ya tatu kuhesabu kutoka wapi? Juu? Chini? Ama kutoka pale kwenye chupa yako ya chai?"

Niliangalia juu, nikaangalia chini. Bi. Salma akazima mashine, akaiwasha. Diski ileile iliyokuwa sdc ikaitwa sdb. Nilimwomba azime tena, nikidhani macho yangu yana kasoro. Akazima, akawasha, ikarudi kuwa sdc.

"Imeamuaje?" niliuliza.

"Haijaamua. Anayeitika kwanza ndiye anayepewa herufi ya kwanza. Leo huyu amechelewa kuamka, kesho yule. Wewe utamng'oa mtu kwa sababu amechelewa kuamka?"

Alinionyesha kwamba kila diski imeandikwa namba yake kiwandani, katika karatasi iliyo juu ya mwili wake. Namba hiyo haibadiliki hata ukiihamishia Uganda. Amri ya smartctl itakusomea namba hiyo kutoka ndani ya diski, nawe utaisoma kwa macho kutoka nje. Zikilingana herufi kwa herufi, ndipo unapoweza kunyoosha mkono. Zisipolingana, rudisha mkono mfukoni na uende ukanywe maji. Huo ndio utaratibu, na mkisahau yote mengine niliyoyaandika, naomba msisahau huu.

Tulipohamishiwa Kitale, diski zilitolewa zikafungwa katika mablanketi, kila moja peke yake. Tulipofika, wapagazi walikuwa wamezichanganya, nikazirudisha katika nafasi zake bila kujua ipi ilikuwa wapi. Nilijiandaa kwa maafa. Seva ikawaka, michoro ikafunguka yote. Nilisimama pale nikiitazama kama mtu ambaye noti yake bandia imepokelewa na benki.

"Kwani inatazama kiti?" Bi. Salma alicheka. "Inamtazama aliyekaa. Kila diski imebeba ndani yake alama ya kusema mimi ni nani na wenzangu ni akina nani."

Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika mbele ya kila diski tarakimu za mwisho za namba yake ya kiwandani, ili mtu aweze kuzisoma bila kuitoa. Mwandiko wake haukuwa mzuri. Ulikuwa sahihi.

Hapa nipitie kando kidogo, kwa sababu kuna funzo lingine ambalo ofisi hazilipendi. Kituo kimoja kidogo kule Suam kilinunua diski zake zote dukani siku moja, za kundi moja, kutoka katoni moja. Msimamizi wake alijisifu kwamba zinafanana kama mapacha. Zilifanana kweli: ya kwanza ilipoanza kufa, ya pili ikaugua ikiwa inasaidia kujenga upya ile ya kwanza, maana kujenga upya ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa diski. Nunueni kwa nyakati tofauti, na ikiwezekana kwa watengenezaji tofauti. Mtaulizwa na wahasibu kwa nini hamtaki zifanane. Jibuni kwa adabu.

Sasa nimrudie Afisa wa Mali. Baada ya Bi. Salma kustaafu, ulifika wakati wa kuhakiki mali za ofisi. Viti, mapazia, birika, kila kitu kilibandikwa kibandiko chenye namba. Jumamosi moja, mimi nikiwa kazini Bungoma, Afisa huyo aliagiza seva izimwe, akatoa diski moja baada ya nyingine, akafuta maandishi ya Bi. Salma kwa spiriti, na akabandika vibandiko vyake: namba moja, mbili, tatu, nne. Kwa kuwa mwongozo wa mali husema kibandiko kikae "mahali panapoonekana, pasipo na mikunjo", alivibandika juu ya ile karatasi ya kiwandani, ambayo ndiyo sehemu pekee iliyokuwa laini. Kisha akazirudisha alivyopenda.

Jumatatu nilimfuata ofisini kwake.

"Umeziba namba za diski," nilimwambia.

"Nimezipa namba. Zilikuwa na namba?"

"Zilikuwa na namba za kiwandani."

"Kiwanda kinakuja hapa kuhesabu mali?" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Na ile kalamu mliandika nayo, hiyo ni kuharibu mali ya umma. Nimewafichia. Hata asante hamna."

"Niruhusu nivibandue, nivibandike kando."

"Ukibandua kibandiko, hiyo ni kesi ya nidhamu, mzee. Iko kwa kanuni."

Nilikwenda kuangalia kanuni. Ilikuwepo. Nilipeleka malalamiko yangu kwa Naibu Mkurugenzi, naye akaniambia kwamba diski nne zina vibandiko vinne na haoni tatizo liko wapi. Niliondoka ofisini mwake nikijiuliza kama tatizo lipo kweli au nimelitunga. Seva ilikuwa inafanya kazi.

Niliomba pia diski ya nje ya kuwekea nakala za akiba, ikae mbali na seva. Ombi lilirudi limeandikwa: "Mna nne zinazofanya kazi moja. Ya tano ni ya nini?" Vijana, diski nne zilizofungwa pamoja si nakala nne. Ni kitu kimoja chenye miguu minne. Ukifuta faili, limefutika kote. Ukiamuru upuuzi, unatekelezwa kote kwa wakati mmoja na kwa uaminifu mkubwa.

Siku ya mkasa nilikuwa Bungoma, ambako bado nilikwenda kupokea wananchi. Mama Nafula alikuwa amekaa mbele ya meza yangu, amekuja kuulizia mchoro wake utachapishwa lini, maana kesi ilikuwa inakaribia. Nilikuwa namweleza kwamba utachapishwa Kitale na nitauleta mwenyewe, simu ikalia. Alikuwa Wanyonyi, fundi wangu, kijana wa Bokoli, mwangalifu.

"Mkubwa, hii mashini inaria tangu asubuhi. Inasema sdc imeanguka."

"Soma namba yake."

"Nimesoma kwa smartctl. Lakini huku nje kuna vibandiko tu. Nikibandua nitaandikiwa barua."

"Basi usiguse. Ninakuja."

"Naibu yuko hapa, Mkubwa. Anasema wageni wa kutoka Nairobi wanakuja saa nane kuona mfumo, hataki wasikie kelele."

"Mwambie nimesema usiguse."

Nilisikia sauti ya Naibu nyuma yake: "Sdc, a, be, che, ni ya tatu, si ndiyo? Kibandiko cha tatu si hicho hapo? Toa, weka mpya, tumalize. Hii si kupasua moyo, bana."

Kisha nikasikia mlio umekoma. Niliposikia kimya hicho, nilijua mashine yote imesimama.

Nilifika Kitale nikamkuta Wanyonyi ameshika diski yenye kibandiko namba tatu kwa mikono miwili, kama anayembeba mtoto wa mtu. Naibu alikuwa amesimama mbele ya skrini.

"Bwana Msimamizi," alisema, "si ni ninyi mliniambia ikitoka moja, tatu zinabaki na kazi inaendelea?"

"Ndiyo, Mkuu. Moja."

"Na huyu ametoa ngapi?"

"Moja."

"Sasa?"

"Iliyokufa bado iko ndani, Mkuu. Iliyotoka ni nzima."

Alifikiri. "Kwa hivyo moja iko nje lakini ni nzima, na moja iko ndani lakini haiko."

"Ndiyo."

"Ati haiko na ninaiona!"

Sikumlaumu kwa swali hilo. Mimi mwenyewe nilizihesabu tena kwa kidole. Nilimpigia Bi. Salma, nikaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Hamjapoteza kitu," alisema, na Wanyonyi akavuta pumzi. "Mliyoitoa haijafa, imetolewa tu. Irudisheni. Simamisheni safu nzima ya diski, kisha muikusanye upya kwa programu ya mdadm, amri ya assemble, na mkilazimika muiongezee force. Itaamka na diski tatu. Mkishafungua michoro na kuinakili mahali pengine, ndipo muweke diski mpya. Na mkisikia mtu yeyote anataja amri ya create, mtoeni chumbani."

Create huunda safu mpya. Haikusanyi ya zamani. Inaziambia diski zisahau zilikuwa akina nani. Tulikuwa tumekwisha kuirudisha ile diski, na Wanyonyi ameanza kuandika amri ya kwanza, Naibu alipopokea simu yake. Alikuwa na mtaalamu wake Eldoret, ambaye sikuwahi kumwona.

"Mtaalamu anasema create," alitangaza. "Anasema ndiyo inakuwa safi."

Nilimkumbusha alichosema Bi. Salma.

"Bi. Salma ni mfanyakazi wa hapa?"

"Amestaafu, Mkuu."

"Basi. Wanyonyi, andika. Diski mpya mahali pa ile mbovu, na hizo nyingine tatu. Hiyo ni amri, na mimi ndiye mkubwa hapa."

Ushauri wa kumtoa mtu chumbani haukueleza mnafanyaje ikiwa chumba ni chake. Wanyonyi alinitazama. Nilisema, mbele ya wote, kwamba napinga. Wanyonyi aliitoa ile ambayo taa yake haikupepesa, akaweka mpya, akaandika.

Na sasa nifikie lile ambalo limenisumbua zaidi ya yote. Linux huonyesha hali ya diski kwa herufi: kila diski iliyo hai huandikwa U, na iliyoanguka huwa kistari. Muda mfupi baada ya amri ile, skrini ilionyesha U, U, U na kistari, ikijenga ya nne. Baadaye zikawa U nne. Taa zote za kijani. Hakuna mlio. Kwa kila kipimo nilichofundishwa kutazama, seva ilikuwa na afya kuliko ilivyokuwa kwa mwezi mzima. Naibu aliipiga picha kwa simu yake.

Wanyonyi akajaribu kufungua michoro. Mashine ikajibu kwamba haitambui kilichomo.

"Kivipi haitambui?" Naibu aliuliza. "Si ni zake?"

Nilizitazama zile U nne kwa muda mrefu. Zilikuwa kweli. Michoro kutokuwepo kulikuwa kweli pia. Sikujua niziweke wapi kweli hizo mbili.

Nilimpigia tena Bi. Salma, nikamsikia akikaa chini. Alisema bado kuna nafasi: mashine izimwe wakati huohuo, kisiandikwe chochote juu yake, diski ziletwe kwake Bungoma, atatafuta mpangilio wa zamani kwa kubahatisha bila kuandika. Kazi ya siku nyingi, lakini inawezekana. Nilimweleza Naibu neno kwa neno. Alitazama saa yake, akazungumza na Eldoret, kisha akamwambia Wanyonyi aifomati, yaani aisafishe ianze upya ikiwa tupu. Nilipinga tena. Ikafomatiwa. Wageni walifika, wakaona taa za kijani, na mbele yao zikaingizwa picha mpya za karatasi chache kama mfano, juu ya mahali palipokuwa na michoro ya watu. Walipiga makofi.

Taarifa iliyotolewa ilisema kwamba kufuatia uzembe wa fundi, mfumo ulikumbwa na hitilafu, na kwamba kwa uongozi imara mfumo umerejeshwa kikamilifu. Wanyonyi alipewa barua ya onyo, nayo imo katika faili lake mpaka leo. Mfumo umerejeshwa. Kilichokuwa ndani ya mfumo hakikutajwa.

Nilikwenda mwenyewe Kamukuywa. Mama Nafula alikuwa anaanika mahindi. Aliniletea kiti, akaendelea kusambaza mahindi kwa mguu huku akinisikiliza.

"Baba, si ulisema imeingizwa kwa kompyuta ndio isipotee tena?"

"Nilisema, Mama."

"Hiyo kompyuta imeibiwa?"

"Hapana. Ipo."

"Imeungua?"

"Haijaungua."

"Inawaka?"

"Inawaka vizuri."

Aliacha mahindi. "Sasa ramani yangu imeenda wapi?"

Nimefanya kazi ya kumbukumbu maisha yangu yote. Nilijaribu kumweleza vipande, hesabu ya ziada, alama za ndani. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza aliuliza swali lilelile, kwa upole zaidi, kama anayemsaidia mgonjwa.

Kesi ilisikilizwa bila mchoro. Jirani alisema mchoro haujawahi kuwepo, na ofisi, ilipoulizwa, ilijibu kwamba mfumo wake uko kamili na haujaonyesha mchoro wa shamba hilo. Jibu hilo lilikuwa sahihi kila neno. Mpaka ulisogezwa. Chemchemi sasa iko upande wa jirani, na Mama Nafula huomba ruhusa kuchota maji. Amekata rufaa, na rufaa hiyo bado haijasikilizwa. Ndiyo maana ninaandika sasa na sikungoja.

Ninyi mtakaokaa mbele ya mashine hizi, andikeni namba za kiwandani mbele ya diski, na atakayezifuta aulizwe. Kabla ya kutoa diski, isomesheni seva faili kubwa mtazame taa ipi inapepesa na ipi imelala. Na mkubwa akitoa amri msiyoielewa, mwombeni aiandike na kutia sahihi. Wengi hughairi wakiona kalamu.

Kwa hiyo, kama mtumishi wa umma niliyestaafu na shahidi wa yaliyotendeka, naitaka rasmi ofisi ya michoro ya mashamba ya Kitale ifanye haya. Iifute taarifa iliyosema mfumo umerejeshwa kikamilifu. Iiondoe barua ya onyo katika faili la fundi Wanyonyi na kumwomba radhi. Imwite Afisa wa Mali aeleze kwa nini alifuta namba, na Naibu Mkurugenzi wa wakati ule aeleze kwa nini aliamuru diski itolewe, safu iundwe upya na kufomatiwa, huku akiwa ameonywa kila mara. Na kabla rufaa haijasikilizwa, impe Mama Nafula barua inayokiri kwamba mchoro wa shamba lake ulikuwepo, ulikuwa mikononi mwa ofisi, na ofisi ndiyo iliyoupoteza. Barua hiyo itiwe sahihi na mtu mwenye jina na cheo. Isitiwe sahihi "kwa niaba ya".